Igizo la tanuru la moto kanisani: mbona moto wetu unaonekana taa tu?

#1 Katibu wa Maigizo

Wapendwa, salamu. Tunaandaa igizo la Danieli sura ya 3, ile ya tanuru. Ukumbi ni wa ndani, dari ya mbao, na watoto wa kwaya hukaa mbele kabisa, karibu na jukwaa. Kwenye mazoezi ya juzi tuliweka taa nne zenye karatasi nyekundu ndani ya tanuru la boksi, zikawa zinawaka na kuzima harakaharaka, na riboni za karatasi zikipeperushwa na feni. Shadraka alipotupwa ndani, waliokuwa wakitazama wakacheka. Hawakuwa na ubaya, lakini iliniuma, kwa sababu pale ndipo moyo wa igizo ulipo.

Sasa kamati imegawanyika. Baadhi wanataka tuwashe moto wa kweli kwenye pipa la chuma, "kwa uangalifu". Mimi sitaki. Naomba mnisaidie: kwa nini moto wetu umeonekana wa uongo kiasi kile, na tufanyeje ili aliyekaa kiti cha mwisho aingiwe na hofu bila jukwaani kuwa na hata njiti ya kiberiti?

#2 Mtoto wa Mchungaji

Nakaa hapa hapa kusubiri majibu. Na sisi tuna shida hiyo hiyo, ila letu ni la Pentekoste.

#3 Fundi Taa

Mleta uzi, kosa lenu ni kuwasha na kuzima. Moto hauzimi. Hupanda na kushuka, lakini mwanga haukatiki hata mara moja. Taa inayokatika macho huisoma kama taa ya muziki, ndiyo maana watu wamecheka.

Fanya hivi. Chukua taa tatu, zikae chini sakafuni zikitazama juu, zimeachana kama hatua moja. Ya kwanza iwe ya njano iliyokolea, ya pili ya chungwa, ya tatu ndiyo uipe wekundu kidogo. Kila moja ipande na kushuka kwa wakati wake, isishuke chini ya theluthi ya nguvu yake. Kwa kuwa zimeachana, kivuli cha mwigizaji kitahamahama ukutani nyuma yake, na kivuli hicho kinachocheza ndicho kitakachowaaminisha watu.

Halafu punguzeni hiyo nyekundu. Mwanga wa mshumaa una joto la rangi la kama kelvini 1,900, ambalo kwa macho ni njano inayoelekea chungwa. Nyekundu tupu ni rangi ya kaa linalokufa.

#4 Nuru ya Asubuhi

Kwa heshima zote kwa mafundi, mimi nasimama na hiyo nusu nyingine ya kamati. Moto wa kweli una harufu, una joto, una namna yake ya kunyamazisha watu. Tuliigiza Eliya mlimani Karmeli, tukawasha mienge na kuni kwenye pipa, mchanga chini, ndoo za maji pembeni. Hakuna aliyeumia, na mpaka leo watu wanalizungumzia igizo lile. Uangalifu ukiwepo, tatizo liko wapi?

#5 Zimamoto Mstaafu

Ndugu Nuru, igizo lenu lilikuwa nje au ndani?

#6 Nuru ya Asubuhi

Nje, uwanjani.

#7 Zimamoto Mstaafu

Basi jibu umeshalitoa mwenyewe. Mleta uzi yuko ndani, chini ya dari ya mbao, watoto wako mbele. Pipa la kuni ndani ya ukumbi, hata kama halitaunguza chochote, linatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Watu huanza kuumwa kichwa na kusinzia wakidhani ni uchovu.

Na neno "uangalifu" nimelisikia mara nyingi mno katika kazi yangu. Februari 2003, katika klabu moja ya muziki jimbo la Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya kuzuia sauti iliyokuwa ukutani. Walikufa watu 100. Januari 2013, mjini Santa Maria, Brazili, fataki ya jukwaani iliwasha sponji ya darini, wakafa 242. Kote kuwili moto ulianza kama pambo la onyesho. Mtu anaweza kuuangalia ule moto wake kwa macho mawili, akasahau kilichobandikwa juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo, Katibu, kwenye hili usilegee. Pale palipo na watu wenye leseni ya fataki na kibali cha mamlaka ya zimamoto, hiyo ni kazi yao. Kamati ya maigizo si mahali pake.

#8 Ticha Fizikia

Nakubaliana na #7 moja kwa moja. Ila Fundi Taa kaacha jambo moja kubwa: kasi.

Moto una mapigo yake, na mapigo hayo hutegemea upana wa kitako chake. Kuna kanuni ya makadirio: gawanya 1.5 kwa kipeuo cha pili cha upana kwa mita, unapata idadi ya mapigo kwa sekunde. Mwali mdogo wa mshumaa hupiga kama mara 10 kwa sekunde. Moto wenye upana wa sentimita 25, mara 3. Moto wa mita moja, mara moja na nusu tu. Moto mkubwa huhema taratibu. Katibu anasema taa zake ziliwaka na kuzima harakaharaka. Maana yake alikuwa na tanuru kubwa linalopiga mapigo ya mshumaa! Jicho la mtu limeona moto tangu utotoni, linajua bila kuambiwa kuwa hapo kuna kitu hakikai sawa.

Tena polepole ni salama zaidi. Mwanga unaomweka kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde unaweza kumwangusha mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Mkikaa kwenye pigo moja au moja na nusu, mmepata uhalisia na mmewalinda watu pia.

#9 Fundi Taa

Asante Ticha, hilo la upana sikulijua, nimelinakili. Lakini bado nasema mwelekeo unashinda kasi. Mpe taa ya kasi sahihi ikitokea juu, hapo utapata jua la jioni. Ishushe sakafuni, hata ikituama kabisa, uso wa mtu unabadilika.

#10 Ticha Fizikia

Ikituama ni taa ya mezani, ndugu yangu.

#11 Mshona Mapazia

Mnabishana taa, mimi nimesikia "riboni za karatasi" nikashtuka. Dada Katibu (kama ni kaka unisamehe), karatasi juu ya feni karibu na taa za moto? Hizo taa ni za aina gani? Kama ni za halojeni, glasi yake ina joto la kutosha kuchoma karatasi au kitambaa kilichoigusa. Mtakuwa mmeunguza kanisa kwa moto wa bandia. Tumieni LED kwa kila kilicho karibu na kitambaa.

Sasa namna ya kufanya. Hariri nyepesi kabisa, ile ukiirusha inachukua muda kushuka. Nyeupe au njano hafifu, usiitie rangi nyekundu, iachie taa ndiyo iipake. Kata pembetatu ndefu zisizolingana, nyingine kiunoni, nyingine zipite kichwa cha mwigizaji. Kitako cha kila pembetatu kishonee kwenye waya ulionyooka, ncha iache huru. Chini weka feni inayopuliza juu, na juu ya feni funga wavu wa chuma, kitambaa kisinyonywe na panga. Taa za LED ziwe ubavuni mwa feni zikipiga juu. Pembetatu zisipulizwe zote kwa nguvu moja. Sehemu moja iwe hai na nyingine idhoofu, kisha zibadilishane. Karatasi hupepea kama bendera. Hariri inapanda, inakunjika, inamezwa, inapanda tena, na ndivyo mwali unavyokwenda.

Ubaya wake ni kelele za feni. Kubwa ikizunguka polepole ina afadhali kuliko ndogo inayolia.

#12 Chipukizi

Jamani, mimi nina wazo jepesi. Kwenye tamasha la shule niliona mtu anapuliza unga kwenye mshumaa, linatoka wingu la moto sekunde moja tu halafu limekwisha. Danieli akiingia tanuruni tunapuliza mara moja, basi. Unga tu, si petroli.

#13 Zimamoto Mstaafu

Chipukizi, usijaribu hilo, wala mdogo wako asijaribu. Unga uliolala mezani ni chakula. Unga ulioenea hewani ni chembe maelfu, kila moja imezungukwa na oksijeni, zikishika zinashika kwa pamoja. Juni 2015 huko Taiwan, kwenye bustani ya michezo ya maji, walirusha unga wa rangi uliotengenezwa kwa wanga juu ya umati wa vijana. Ukawaka. Watu 15 walikufa na karibu 500 waliungua. Wengi walikuwa na nguo za kuogelea, ngozi iko wazi. Wanga tu, kama unavyosema.

#14 Chipukizi

Sikujua kabisa. Nimeliacha. Asante mzee.

#15 Mtoto wa Mchungaji

Na ukiliacha hilo uache na la pili: Danieli hakuingia tanuruni. Walioingia ni Shadraka, Meshaki na Abednego. Danieli zamu yake ni ya simba, sura ya 6. 😄

#16 Msoma Historia

Suala la Katibu lina umri mrefu kuliko tunavyodhani. Karne ya 16 huko Coventry, Uingereza, chama cha wauza vitambaa kilichoandaa igizo la siku ya hukumu kiliandika kwenye hesabu zake malipo ya mtu wa kutunza moto kwenye kinywa cha jehanamu. Kazi kamili, ina mshahara wake.

Na wewe Mtoto wa Mchungaji mwenye Pentekoste, hili lako. Machi 1471 mjini Florence, katika kanisa la Santo Spirito, waliigiza kushuka kwa Roho Mtakatifu kwa moto wa kweli, mtawala wa Milano akiwa mgeni mjini. Usiku ule kanisa likaungua. Jina lenyewe la kanisa ni Roho Mtakatifu.

Kingine kimoja, kinawahusu washonaji. Novemba 1862, kwenye jumba la Opera la Paris, mcheza dansi Emma Livry alikuwa mazoezini, sketi yake ikagusa taa ya gesi. Alikufa kwa majeraha mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 20. Dawa ya kuzuia nguo zisishike moto ilikuwapo tayari, lakini yeye aliikataa kwa sababu ilikakamaza kitambaa na kukifubaza. Kila nikiisoma habari yake nawaza ni mara ngapi sisi huchagua urembo wa vazi kwanza.

#17 Mshona Mapazia

Umenigusa, Msoma Historia. Kwetu malaika mmoja alivaa joho la poliesta, akapita karibu na mshumaa wa kweli. Mkono wa joho uliyeyuka, haukuwaka mwali mkubwa, ila ile poliesta iliyoyeyuka iliganda kwenye ngozi. Alama anayo hadi leo. Tangu siku hiyo mishumaa yetu yote jukwaani ni ya betri.

Dawa inayosemwa ipo na ni rahisi, kwa pamba. Gramu 70 za boraksi na gramu 30 za asidi ya boriki kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu. Vaa glavu, usivute vumbi lake, wajawazito na watoto wakae mbali. Lowesha kitambaa mpaka kinywe, kikaushe bila kukisuuza. Kisha kata kipande, kitoe nje, kishike kwa koleo kikining'inia, kiwekee kiberiti sekunde 12. Ukiondoa moto kijizime. Kikiendelea kuwaka, rudia kulowesha. Ukikifua, dawa yote imekwenda na maji. Kwa poliesta haifanyi kazi, msijidanganye.

#18 Ticha Fizikia

Nyongeza kwa #17: mwaka 1821 mkemia Mfaransa Gay-Lussac alichapisha majaribio yake ya chumvi za namna hiyo, boraksi ikiwamo, kwa kuwa majumba ya maonyesho ya Paris yalikuwa yakiungua. Hiyo dawa ilizaliwa jukwaani kabisa.

#19 Mama Kwaya

Bwana asifiwe. Sijasikia mtu akitaja moshi. Bila moshi hizo taa zenu hazionekani hewani. Tumieni barafu kavu, ni salama, ni maji tu yaliyogandishwa sana, na moshi wake unatambaa chini vizuri.

#20 Ticha Fizikia

Mama, shikamoo. Naomba nirekebishe hapo kwa heshima. Barafu kavu si maji. Ni kaboni dioksidi iliyogandishwa, nyuzi 78.5 chini ya sifuri, ukiishika kwa mkono mtupu inaunguza. Kilo moja inageuka zaidi ya lita 500 za gesi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatambaa na kutuama mahali pa chini.

#21 Mama Kwaya

Marahaba mwanangu. Umenifumbua macho. Kuna mwaka waimbaji wangu wa safu ya mbele, wale wafupi, walilalamika kichwa na kizunguzungu, mmoja akakaa chini katikati ya wimbo. Tulisema ni njaa ya mfungo. Jukwaani ilikuwapo barafu kavu. Wafupi ndio walikuwa chini!

#22 Zimamoto Mstaafu

Ndiyo hivyo, Mama. Na Katibu alishasema watoto wake wako mbele, chini ya jukwaa. Barafu kavu kwake haifai. Mashine ya moshi wa glikoli na maji ina nafuu, ila mjue vitambua moshi vya darini havitofautishi moshi wa mashine na moshi wa kweli. Ukumbi mmoja ulimwagika wote nje katikati ya onyesho kwa sababu hiyo. Jibu si kuzima kengele kimyakimya. Zungumzeni na msimamizi wa jengo mapema, mjaribu ukumbi ukiwa mtupu.

#23 Kijana wa Vyombo

Kuna njia ya tatu. Visahani vya kutoa ukungu kwa mitetemo, vile vinavyozamishwa kwenye maji. Kinatetema zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde, maji yanaruka kama ukungu baridi. Weka beseni jembamba, safu ya visahani, juu yake mwanya mwembamba, chini ya mwanya LED za chungwa, na feni ndogo kabisa ya kusukuma. Ukungu ukipita kwenye mwanga unaonekana mwali kabisa, unapitisha mkono ndani na unatoka na unyevu tu. Vingi vinatumia volti 24, hata hivyo adapta yake ikae mbali na beseni. Tumieni maji yasiyo na chumvichumvi, vinginevyo mtaona vumbi jeupe kwenye vyombo.

Ila niseme ukweli, unafaa kwa moto wa futi mbili au tatu: kijiti cha Musa, madhabahu ya Eliya. Kwa tanuru zima hautoshi peke yake.

#24 Mzee wa Sauti

Nimesoma yote, na nyote mmesahau masikio. Watu walicheka kwa sababu tanuru lilikuwa kimya! Kuni hulia kwa sababu unyevu na gesi zilizofungwa ndani yake hupasua njia ya kutoka. Hiyo milio haina mpangilio, na chini yake kuna ngurumo moja nzito isiyokoma. Chukua plastiki ngumu ile inayofungia maua, ikunje taratibu karibu na maikrofoni, hiyo ndiyo milio. Ngurumo, puliza polepole pembeni ya maikrofoni, uishushe sauti. Ianze kabla taa hazijapanda. Mtu akisikia moto kwanza, macho yake yatakubali chochote utakachomwonyesha. Na kelele za feni za dada Mshona zitafunikwa humo humo.

#25 Mshona Mapazia

Hapo mzee umeniokoa. Lakini sauti bila kitambaa ni redio.

#26 Mwalimu wa Waigizaji

Niruhusuni nipinge kila mtu. Someni mstari wa 22: moto ulikuwa mkali kiasi cha kuwaua wale askari waliowatupa. Katika igizo la Katibu, askari walifanya nini baada ya kuwatupa? Nina hakika walirudi pembeni wakasimama wima. Basi moto uko wapi?

Geuzeni mlango wa tanuru, mdomo wake utazame nyuma au ubavuni. Watu wasiuone mwali hata mmoja. Waone askari wakikinga nyuso wangali hatua nne mbali, wakisogea kwa ubavu, mmoja akipiga magoti kabla hajafika. Waone mwanga ukicheza usoni mwa Nebukadreza. Kwenye maandiko sisi hatuingii tanuruni. Tunasimama na mfalme, yeye ndiye anayehesabu watu wanne. Mwigizaji anayeogopa moto kwa mwili mzima ndiye moto wenyewe.

#27 Fundi Taa

Na mwanga usoni mwa mfalme unatoka wapi? Kwenye taa tatu, chini, ubavuni. Karibu kwenye timu yangu, mwalimu.

#28 Nuru ya Asubuhi

Kwa ndani nimekubali, Mzee Zimamoto, sina ubishi. Hayo ya Florence yamenikaa rohoni. Kwa nje bado naona moto una nafasi yake, mahali penye watu wanaojua na vibali vyao. Ila napenda hili la #26. Kwenye Eliya wetu, nikikumbuka vizuri, watu walilia pale makuhani walipomwaga mitungi minne ya maji mara tatu, kuni bado hazijawashwa.

#29 Msoma Historia

Si makuhani, ni watu waliokuwapo ndio walioamriwa kumwaga. Lakini hoja yako imesimama.

#30 Mtoto wa Mchungaji

Na Pentekoste yangu jamani? Kichwani siweki kitu cha kuwaka.

#31 Msoma Historia

Kwenye jengo la Pantheon, Roma, siku ya Pentekoste humwaga petali nyekundu za waridi kupitia tundu la kuba, zinashuka juu ya waumini kama ndimi za moto. Petali au vipande vya hariri vya Mshona, vikipigwa taa ya chungwa kutoka ubavuni.

#32 Katibu wa Maigizo

Mungu awabariki, nimesoma kila neno. (Ni dada, Mshona, hukukosea.) Jana tumejaribu. Tumetoa karatasi zote na taa za halojeni. Taa tatu za LED chini, pigo moja na nusu kwa sekunde kama alivyosema Ticha. Ukumbi ulinyamaza kidogo. Tulipoongeza ngurumo ya Mzee wa Sauti, mtoto mmoja alihama kiti. Kisha tukazima sauti tukawaacha askari wa #26 peke yao, na huyo mtoto hakurudi. Kwa hiyo sijui ni nani kati yenu aliyeshinda. Kamati nayo imegawanyika upya, sasa wanagombania mlango wa tanuru utazame wapi, kwa sababu ukigeuzwa watu hawatamwona yule mtu wa nne.

#33 Fundi Taa

Pazia la wavu. Likipigwa mwanga kwa mbele linaonekana ukuta mzima; punguza mbele, pandisha taa nyuma yake, ukuta unayeyuka na wanaonekana wanne wanatembea. Taa ya yule wa nne iwe nyeupe, asiguswe na chungwa hata kidogo.

#34 Mwalimu wa Waigizaji

Mimi nisingemwonyesha. Mfalme amwone, watu wamwone mfalme.

#35 Mama Kwaya

Hapana mwalimu, mtoto aliyekaa mbele anataka kumwona wa nne. Mwonyesheni.

#36 Zimamoto Mstaafu

Dada Katibu, mkiwa bado mnajadili: kebo ya kuongezea umeme ikiwa ya kuzungushwa kwenye gurudumu, ifungueni yote hata kama ni ndefu, ikibaki imejikunja inapata joto. Milango ya kutokea isifunikwe na hilo pazia la wavu. Mtungi wa kaboni dioksidi kwa ajili ya vifaa vya umeme na blanketi la moto vikae pande zote mbili za jukwaa, na mtu mmoja asiye na sehemu kwenye igizo awe na kazi hiyo tu, kama yule wa Coventry.

#37 Katibu wa Maigizo

Nimemwomba baba yake Meshaki. Amekubali.